Risasi Alizoacha Obeid

Wambea wa Katito hawakungoja hata arobaini ya marehemu ifike. Obeid, mwenye kibali cha kulinda mashamba ya ufukweni Nyakach, alikuwa ameuawa na kiboko, nao wakasema kosa ni la bunduki yake: nyepesi mno, ya kutishia ngedere. Wengine walinong'ona kuwa ni risasi za kujazwa kwa mkono. Mkono wenyewe ulijulikana. Ulikuwa wa kaka yake, Abdulrahman, fundi wa bunduki mjini Kisumu.

Zeituni, mjane, hakuzunguka mbuyu. "Shemeji, ijaribu kabla polisi hawajaichukua. Nataka kujua, ni bunduki ama ni risasi zako."

Abdulrahman akaegemeza katoni kwenye kichuguu, pembeni ya mahindi yaliyokanyagwa ya Ogola, aliyeshuhudia kifo kile. Alikuwa amejaza risasi mpya: za baruti haba, za wastani, na zile kali alizozoea kumjazia Obeid. Bunduki ikampiga teke la punda begani. Akangoja mtutu upoe, akaendelea. Za haba zilipiga chini, za wastani zikatawanyika, lakini zile kali zilitoboa mahali ambapo kisahani cha chai kingepafunika. Moyo ukamtulia, naye akajichukia kwa kutulia huko.

Kisha akatia kwenye bunduki moja ya risasi kuukuu zilizokutwa katika mkoba wa marehemu. Kach, bila mlipuko. Akasubiri, akatia nyingine. Kach.

"Ni hiyo sauti, Mzee," Ogola akasema. "Ililia hivyo tu, na kiboko iko hapa mbele."

Abdulrahman akaifungua risasi moja kwa koleo. Baruti ilikuwa imelowa, inanuka mafuta ya taa.

Zeituni alipoleta chai, aliokota risasi moja akaifuta kwa pindo la kanga. "Kila Ijumaa nilizipaka mafuta ya taa nikazisugua, kama cherehani yangu, unyevu wa ziwa usiziharibu. Obeid alinicheka, eti nazitunza kuliko yeye." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Haya, niambie."

Ukweli ulimkwama Abdulrahman kooni kama mwiba wa samaki ngege. Akiutema, atakuwa huru. Lakini huyu mama atalalaje tena?

"Ni mimi, shemeji. Nilikosea kupima baruti."

Ogola akafungua mdomo. Abdulrahman akamkanyaga mguu.

Zeituni alimpokonya kikombe kabla hajanywa, akaimwaga chai chini. "Usikanyage kwangu tena. Hata nikifa, usije kunizika."

Idi ilipofika, Abdulrahman alituma nguo za watoto wa ndugu yake. Zilirudishwa zikiwa zimekunjwa vilevile. Halafu siku moja sokoni Kibuye, Swaumu, kitinda mimba wa Obeid, alimwona kwa mbali akaanza kumkimbilia. Katikati ya njia akakumbuka alivyokanywa, akasimama. Abdulrahman alikuwa ameshafungua mikono.