Mstari wa Mama Getruda

Herufi zilikuwa zimetoweka. Juu ya jedwali la kwenye kompyuta, mahali pa A, B na C, palikuwa na 1, 2, 3, na ndani ya fomula kulikuwa na vitu kama RC[-1] ambavyo sikuwahi kuviona. Nje, wakulima wa mfereji wetu wa Magoma walishakaa kwenye mabenchi.

Mimi nilikuwa katibu wa zamu za maji. Jedwali alilitengeneza baba mkwe wangu, Mzee Hiza, mwenyekiti: ukubwa wa shamba upande mmoja, saa za maji upande wa pili. Siku ile kikao kilikuwa cha kumfuta Mama Getruda kwenye zamu, kwa sababu saa zake zikiisha alikuwa akikataa kufunga lango la maji. Mpunga wake ulikuwa unachanua. Angefutwa, angevuna mapepe yasiyo na punje.

Nikampigia Nazneen, fundi wa Korogwe aliyekuwa ameturudishia kompyuta.

"Nimegeuza mwonekano tu, dada," alisema. "Nikikagua huwa nafanya hivyo. Fomula zikiwa sawa, zinasomeka sawa mstari hadi mstari. Ukitaka herufi, ondoa tiki kwenye mipangilio."

Nilishaifikia ile tiki, ndipo nikaangalia tena. Mistari yote ilisema kitu kimoja: chukua shamba lililo kushoto kwako. Mmoja tu ulichukua shamba la mstari wa juu yake. Ulikuwa wa Mama Getruda.

Kwetu mgeni huandikwa juu ya mwenyeji wake. Mama Getruda alipomkaribisha mgeni aitwaye Zaidi alime bustani pembeni mwa shamba lake, mzee alimwandika Zaidi kwenye mstari wa mama yule, yeye akamhamishia wa chini, na fomula yake ikabaki inasoma mstari wa zamani, ambao sasa ulikuwa wa kibustani cha mgeni. Msimu mzima mpunga wake ulipewa maji ya kumwagilia mchicha.

Nilitamani niondoe tiki, herufi zirudi, niwe sijaona. Mkwe unamwambiaje mbele za watu? Niliogopa kwelikweli. Nikaibeba kompyuta hadi alipokaa, mbele ya mabenchi.

"Baba, naomba uangalie hapa kabla hujafungua kikao."

Alifuata mstari ule kwa kidole. "Nani ameharibu?"

"Hakuna aliyegusa, baba. Ni vile vile ulivyoandika."

Akainuka. Hakufungua kikao. Alitoa mfukoni ufunguo wa kufuli alilokuwa amelitia kwenye lango la mama yule, akampa Mama Getruda kwa mikono miwili.

"Kafungulie maji," alisema. "Nakuja kukueleza huko huko shambani."

Mama Getruda aliutazama ule ufunguo, akajifunga kanga kiunoni, akaondoka bila kumwangalia mtu.

Nyumbani mzee hakuligusia jambo lile kamwe. Msimu uliofuata alinikabidhi jedwali, akaniuliza tu kama herufi zitarudi.

"Zisirudi kwanza, baba," nilimjibu.