Kumnunulia Mkwe Sauti

Mwanzoni mzee Andendekisye alidhani ni panya. Alikuwa chumbani kwake, katika nyumba ya matofali mabichi chini ya mlima Loleza, mjini Mbeya, akichonga mpini wa jembe, akasikia kitu kikikwaruza ng'ambo ya ukuta. Kwaru, kwaru, kimya, kwaru. Akamwita mkewe, Atuganile, amtafutie paka. Atuganile akautazama ukuta, akamtazama mumewe, akauliza huyo paka atakula nini humo, nyuzi?

Na kusema kweli, hata mwenye masikio ya ujana angekosea. Lile lilikuwa gitaa la umeme, bao zima lisilo na tundu la kutolea sauti. Mwana wao Ezekia alilileta kutoka migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, likizo nzima akawa analifuta vumbi na kuwaonyesha majirani, kisha akarudi kazini akaliacha nyumbani. Amplifaya yake, yaani mashine ya kulikuza sauti, ilikuwa mali ya bendi aliyopiga nayo huko migodini, na bendi ilikataa kuitoa. Bila mashine, gitaa la namna hiyo ni bubu. Ukilipiga, anayesikia ni wewe mwenyewe na yule aliyebandika sikio ukutani.

Aliyebandika sikio ukutani ni mzee wetu. Aliyekuwa akipiga ni Tusajigwe, mke wa Ezekia, ambaye tangu aolewe hajawahi kutazamana na baba mkwe wake. Hiyo ndiyo heshima ya Wanyakyusa, na Ukristo uliipunguza makali tu, haukuiondoa. Mwanamke hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, hatamki jina lake. Wakikutana njiani yeye hupinda vichakani akainama mpaka mzee apite. Kwa hiyo mlango wa Tusajigwe ulitazama migombani, wa mzee ulitazama barabarani, na kwa kuwa jina halitamkwi, mzee akawa anaitwa "yule wa ng'ambo". Alichokijua mzee juu ya mke wa mwanawe ni kisigino kikipotelea migombani, na ugali wake, ambao ulikuwa mzuri.

Sasa akaanza kumjua kwa masikio. Na masikio ya Andendekisye yalikuwa yamesoma. Kwa miaka mingi alipiga tarumbeta kubwa ya besi katika kwaya ya tarumbeta ya Wamoraviani, mpaka meno ya mbele yalipomhama. Tarumbeta bila meno ni bomba la bati tu, akamrithisha mwingine, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Alisikiliza siku baada ya siku, mpini wa jembe ukawa haukamiliki. Alimsikia Tusajigwe akitafuta wimbo wa kanisani uzi kwa uzi, akikosa, akirudi, akikosa palepale, akirudi tena bila kukasirika. Baada ya majuma kadhaa kidole gumba kikawa kinatembea chini peke yake na vidole vingine vinaimba juu, mwanamke mmoja akawa watu wawili. Hakufundishwa na mtu. Mzee alitikisa kichwa mpaka kofia ikamdondoka.

"Mama Ezekia," alimwambia mkewe, "yule mtoto ana mkono!"

"Mtoto gani? Wewe si humjui?"

"Simjui. Lakini ana mkono."

Halafu akaharibu. Jioni moja wimbo ulikuwa unakwenda vizuri mno, na mzee, bila kujijua, akafungua kinywa akaimba besi chini yake, besi nene ya kanisani iliyopita katika tofali kama moshi. Akaimba mstari mzima. Nyuzi zikakatika sauti katikati. Kisha kimya.

Kimya kile kikaendelea kesho yake, na keshokutwa, na juma lililofuata. Mzee aliweka sikio ukutani akasikia kuku tu.

"Umemtia aibu mtoto wa watu," Atuganile alisema. "Alikuwa anajua hakuna anayemsikia. Sasa anajua baba mkwe alikuwa amelala na ukuta kifuani."

Andendekisye, mtu ambaye hata mahubiri alikuwa anayajibu, aliuokota mpini wa jembe akauweka chini tena. Aliumia kweli. Angeweza kumwomba radhi mtu yeyote Mbeya nzima, mkubwa kwa mdogo, isipokuwa huyu mmoja. Na akimtuma mkewe aseme "baba yako anakuomba uendelee kupiga", hilo si ombi tena. Mkwe hakatai. Angepiga kwa utii, kama anavyosonga ugali, na mzee asingejua kamwe kama moyo wake umo au haumo.

Ndipo akapata wazo, na alipolisema Atuganile alikaa chini akacheka mpaka akajishika mbavu. Mzee alitaka kununua mashine. Ukimpa mtu mashine ya sauti, alisema, umemwambia sauti yako naitaka, na hujafungua mdomo.

"Baba mkwe hatakiwi hata kusikia kikohozi cha mkwewe," Atuganile alisema akifuta machozi, "wewe unakwenda kumnunulia sauti! Ndaga, Baba Ezekia. Asante sana. Nimeona mengi."

Lakini alipeleka ujumbe, kwamba waende wote madukani, mkwe akaichague mashine mwenyewe. Alirudi na neno moja. Tusajigwe amesema atakwenda. Mzee akauliza amesemaje, kwa uso gani? Atuganile akasema kwa uso wake uleule. Mzee hakupata usingizi mzuri juu ya neno hilo. Atakwenda kwa sababu anataka, au kwa sababu ameambiwa?

Maduka ya Mbeya yalikuwa na redio na santuri, basi. Watu wakawaelekeza Iringa, kwa fundi mmoja Mhehe aitwaye Marcelino, aliyesoma kwa mapadri wa Tosamaganga, anayetengeneza redio na kuunda mashine za sauti kwa mkono wake. Wakapanda basi alfajiri, gitaa likiwa limefungwa katika blanketi. Mzee alikaa mbele karibu na dereva, wanawake nyuma kabisa, na kutoka Mbeya mpaka Iringa hakugeuza shingo hata mara moja. Makambako abiria walishuka kunywa chai. Yeye aliinywea dirishani kwa mbele, shingo imekaza kama ya mtu mwenye jipu. Dereva akamuuliza, mzee, unaumwa? Akajibu, "Ninaheshimu."

"Kamwene!" Marcelino aliwasalimu kwa Kihehe, akawakaribisha ndani. Mzee hakuingia. Aliomba kigoda, akaketi barazani, mgongo kwa mlango, uso kwa barabara na kwa cherehani ya fundi nguo wa ng'ambo ya barabara. Atuganile akamweleza Marcelino mambo yalivyo: anayenunua yuko nje, anayepiga yuko ndani, wasionane, wasisemeshane. Marcelino, kijana mcheshi mwenye sauti kubwa, alisema ameuza mashine kwa watu wengi lakini biashara ya kupitia mlangoni ndiyo kwanza anaiona.

Akaanza na ile kubwa, ya umeme wa ukutani. Akaliunganisha gitaa, akalipiga mwenyewe. Vioo vya dirisha vikatetemeka, kuku wa jirani wakatawanyika, fundi nguo akasimamisha cherehani. Moyo wa mzee ukaruka kwa furaha. Hiyo sasa ni tarumbeta!

"Hiyo!" alipaza sauti kuelekea barabarani. "Mwambieni hiyo!"

Ndani Tusajigwe akapewa gitaa. Akagusa nyuzi kidogo, akaacha. Kukawa na minong'ono. Atuganile akatoka.

"Anasema hapana. Kwanza nyumbani hatuna umeme."

Mzee akajipiga paja. Hilo hakulifikiria kabisa.

"Na hata ungekuwapo, anasema, mashine hiyo inatangulia kusema kabla yake. Yeye bado anajifunza. Anataka ya kumfuata, si ya kumtangulia."

Mzee alikaa na maneno hayo. Miaka yote ya tarumbeta alikuwa amewaambia vijana wapulize kwa nguvu, wapulize kwa nguvu, na hakuna aliyemjibu hivyo.

Ya pili ilikuwa redio ya betri kavu yenye tundu la kuunganishia santuri. Marcelino alichomeka gitaa hapo. Sauti ikatoka laini, ya mviringo, tamu kama uji wenye asali. Tusajigwe akapiga wimbo wote, na mzee akafumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia nje ya ukuta. Akaona kweli hii ndiyo, nyepesi, nzuri, haisumbui majirani. Hata fundi nguo alikuwa anatingisha mguu.

Atuganile akatoka tena, safari hii akikuna kichwa.

"Anasema hapana."

"Hapana? Si imetoka vizuri?"

"Ndiyo sababu. Anasema amekosa mahali pengi, na redio imeyafunika yote. Inamsamehe mno. Akijifunzia hapo atazeeka na makosa yake."

Andendekisye aligeuka nusu, akakumbuka, akarudisha shingo. Alikuwa anatamani kumwona uso mwanamke huyo kuliko kitu chochote duniani. Alijua wapigaji hodari, wengine alifundisha mwenyewe, na wote, yeye akiwa wa kwanza, walipenda chombo kinachowasifia. Huyu anatafuta kinachomshitaki! Alijisikia mdogo, na, jambo la ajabu, alifurahi kujisikia hivyo.

Ya tatu ilikuwa sanduku la mninga lililoundwa na Marcelino mwenyewe, spika moja ndogo iliyofunikwa kitambaa cha gauni, vifundo viwili tu vya kuzungusha, linatumia betri ya gari na kubebeka kwa mkono mmoja. Halikuwa zuri. Lakini Marcelino alipoipunguza sauti mpaka chini kabisa, haikupotea. Ilibaki wazi, kila uzi peke yake. Tusajigwe akapiga. Akakosa, na barabara nzima ikasikia amekosa. Akarudi palepale, bila haraka, bila hasira, kama alivyokuwa akirudi siku zote ng'ambo ya ukuta, akapasahihisha. Akaendelea. Kidole gumba kikatembea, vidole vikaimba. Alipiga muda mrefu, na barazani mzee aliikaza kofia magotini kwa mikono miwili asije akafungua kinywa tena. Midomo yake ilikuwa imebanwa kiasi cha kuuma.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyetoka. Minong'ono ndani ikawa mirefu, kisha ikasikika sauti kubwa ya Marcelino.

"Dada, anayeanza anahitaji tundu moja! La pili la nini? Nani atapiga gitaa la pili?" Mnong'ono. "Maiki? Kumbe unaimba pia?" Mnong'ono tena. "Si wewe? Nani sasa?"

Atuganile akatoka barazani. Hakuwa anacheka. Aliketi chini kando ya kigoda cha mumewe, naye akatazama barabara.

"Amelichukua hilo sanduku," alisema. "Lakini anataka fundi alitoboe tundu la pili, la maiki. Na waya wa maiki uwe mrefu. Anauliza kama utakubali tutoboe ukuta, waya upite kuja kwako."

Mzee hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Si nilimtia aibu?"

"Nimemuuliza sasa hivi. Anasema siku ile ulipoimba, alisikia kwamba besi yako ni sahihi, yake siyo. Gumba lake lilikuwa linakosea siku zote, hana wa kumwambia. Ndiyo maana akaacha kupiga ukimsikia. Amekuwa akipiga na kitambaa chini ya nyuzi asisikike, majuma yote haya, anatafuta besi yako mpaka aipate." Atuganile akavuta pumzi. "Anasema ameipata, lakini yako bado ni nzuri zaidi."

Andendekisye aliivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Machozi yalikuwa yanateremka na hakujisumbua kuyafuta, kwa kuwa aliyekuwa mbele yake ni fundi nguo tu. Kisha akainua sauti, akamwambia mkewe aliyeketi shubiri moja kutoka kwake maneno ya kusikika mpaka nyuma ya duka.

"Mama Ezekia! Mwambie fundi atoboe! Na umwambie huyo anayepiga, wimbo ule anauanzia juu mno. Mimi si kijana. Aushushe kidogo, nimfuate."

Atuganile akashika ukuta ainuke apeleke ujumbe. Hakuwahi hata kusimama. Ndani ya duka gitaa lilikuwa limekwisha kuanza upya, sauti moja chini.