Majoho Yasiyo na Kola

Mkuu wa karakana ya ushonaji alitoka kumpeleka mama yake kupimwa macho, akakuta majoho ya kwaya yametundikwa ukutani, yamenyooshwa kwa pasi, vifungo vimekaa sawasawa. Hakuna hata moja lililokuwa na kola. Na kiongozi wa kwaya angeyafuata alasiri hiyohiyo. Jioni wanaimba harusini.

"Kola ziko wapi?"

Cherehani zilikuwa kimya. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa anajipepea kwa karatasi ya kukatia vitambaa.

"Tunakusubiri."

"Asubuhi nzima mmekaa mnanisubiri?"

"Wifi wewe! Aliyekwenda kupimwa macho ni mama mkwe, mbona ya kwako ndiyo yametoka?" Mafundi wakacheka. Wifi hakucheka. "Lini mtu humu ndani ameanza kola akaimaliza? Akisita kidogo tu, wewe: lete hapa. Hata wateja wanakuita Lete Hapa."

Mkuu wa karakana alivuta kiti, akaanza kola ya kwanza mwenyewe. Siku zote alijiona mwema kwa hilo: fundi asiaibike, mteja asinung'unike, kazi isirudi. Alipoinua kichwa, wote walikuwa wamesimama wakimwangalia, mikono mitupu. Akatazama saa, kisha majoho ukutani. Peke yake hata nusu asingefika.

"Kila mtu achukue lake," alisema. "Na kola yake."

Cherehani zikaanza kulia. Wifi alipofika kwenye kona ya kola alisimamisha mguu, na papo hapo mkono wa mkuu wa karakana ukanyooka. Akaurudisha. Akaukalia, na wa pili pia.

"Unaumwa?" aliuliza fundi wa vifungo.

"Shona, mwanangu. Achana na mimi."

Wifi alimletea joho. Upande wa kushoto wa kola ulivuta. Hilo alikuwa ameliona tangu lingali mbali.

"Imekaa?"

"Wewe unaionaje?"

"Ningejua ningekuuliza?"

Mkuu wa karakana alinyamaza, na kunyamaza kulimchosha kuliko kushona. Wifi akasonya, akalivaa joho juu ya gauni lake, akajigeuzageuza mbele ya kioo.

"Kushoto inavuta," alisema mwishowe, akaenda kuifumua. Baada ya hapo kila aliyemaliza alipitia kwenye kioo kwanza.

Kiongozi wa kwaya alifika kazi haijaisha. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti nzito hata anaposalimia.

"Si ushone wewe, mama? Wewe una mkono mwepesi."

"Wanamalizia. Karibu kiti."

"Nikichelewa?"

"Nilaumu mimi."

Mzee hakuketi. Alichukua joho lake, akalivaa, akafunga vifungo hadi juu, akakunja uso.

"Hapa shingoni panabana. Kola hii kashona nani?"

Chumba kizima kilimgeukia mkuu wa karakana. Alifungua mdomo aseme ni yeye, kama alivyozoea kuwafichia wote, kisha akaufunga. Akasubiri.

"Mimi," alisema wifi, akainuka na mkasi mkononi na pini mdomoni. "Inua kidevu, baba. Bado kidogo. Hapo hapo, usipumue."

Mzee akainua kidevu.