Msamaha kwa Stendi ya Taa

"Kata! Safi sana!" mwongozaji alipaza sauti, akampigia makofi kijana aliyekuwa amepiga magoti.

Hakuna aliyemtazama mzee aliyesimama kando ya kamera, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola. Kamera haikumwona. Alikuwa amelia kwa makusudi, ili kijana huyo, nyota wao, apate uso wa kutazama anapoomba radhi. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: mlilie mwenzako kwa kweli, naye atalia kwa kweli. Walimwita Baba wa Wote, maana kila nyota aliyewaka alikuwa amepita mikononi mwake kama mwana, mkwe au mjukuu.

"Haya, tunageuza kamera. Zamu yako, mzee."

Zamu yake. Ukurasa mzima wa maneno, yeye aliyezoea kupewa "Karibuni" na "Mama yenu yuko wapi?" kisha afe kabla ya tangazo la sabuni. Katika onyesho hili, baba anamsamehe mwana aliyeuza nyumba. Alikuwa ameyakariri maneno yale mpaka majirani wakayajua. Akaketi, taa zikamwakia usoni, akainua macho kumtafuta mwanawe.

Mbele yake palikuwa na stendi ya taa, imebandikwa kipande cha utepe wa njano.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko garini, ana simu muhimu," mwongozaji akajibu. "Wewe tazama huo utepe. Dada wa vipodozi atakusomea maneno yake."

"Baba, nisamehe," dada akasoma, kama anayetaja bei ya vitunguu.

Mzee akageuza uso asiutazame utepe.

"Mume wangu," alinong'ona mwigizaji aliyekuwa mkewe katika tamthilia hiyo, "meza tu yaishe. Mimi hapa nimeshanyonyesha mto badala ya mtoto, tena nikauimbia."

"Wewe ulinyonyesha. Mimi sisamehe chuma."

Mwongozaji akacheka kidogo. "Mzee wangu, wewe mkongwe bwana, utaweza. Au nimwambie mwandishi akupe kiharusi? Wiki ijayo tunakuzika."

"Nizike!" Kiti kikaanguka nyuma yake. "Nimelala kwenye majeneza yenu mpaka mgongo umeyazoea! Nimekufa kwa sumu, kwa risasi, kwa presha. Na kila mara nimesimama pembeni nikawalilia hawa watoto mpaka nikakauka, ili wao waonekane wanajua kulia. Mimi nani amenililia? Amepiga magoti hapa, nimempa moyo wangu wote, na ikifika zamu yangu anaongea na simu! Nendeni mkamwambie baba yake amekataa. Aje aombe mwenyewe!"

Sauti iligonga kuta, ikarudi. Dada wa vipodozi alikuwa analia. Mkewe wa tamthilia alijiziba mdomo. Lakini hakuna aliyetoka kwenda garini.

Hapo ndipo mzee alipokiona kitaa chekundu juu ya kamera. Bado kinawaka.

Mwongozaji alikuwa amemshika bega mpiga picha, anamnong'oneza, "Usikate. Usikate. Hii ni dhahabu."

Mzee aliisogelea kamera. Kwenye skrini ya pembeni, iliyoonyesha kinachorekodiwa, kiganja chake kilikuja, kikakua, mikunjo yake ikaonekana mmoja mmoja, kisha likabaki giza. Chini ya kiganja, kioo cha kamera kilikuwa na uvuguvugu. Watu walingoja. Mzee hakuondoa mkono.