Sato wa Nazi kwa Clementi

Karani aliwaambia tena waje kesho. Ilikuwa siku ya tatu, na bwana mwenye kutoa vibali alikuwa bado mkutanoni Butiama. Jenoveva alikaza kitenge kiunoni, akamfuata mumewe Keraryo nje kwenye jua la Musoma.

Walikuwa wametoka vijijini huko Bunda. Mwaka uliopita, 1974, Operesheni Vijiji ilipowahamishia kijiji kipya, waliacha nyuma nyumba, shamba la pamba na kaburi la binti yao Robi. Sasa walisikia kwamba trekta la kijiji litalima kule kote. Walichotaka ni karatasi moja tu ya kuwaruhusu walizungushie kaburi ua.

"Miguu imekataa," alisema Jenoveva. "Tukae mahali, Baba Robi."

Karibu pale palikuwa na hoteli ya Clementi, chumba chenye meza nne na ukuta uliokolea moshi. Clementi alikata mkonge Tanga miaka kumi na miwili, kisha akarudi kwao Makoko, hapo hapo Musoma, na mapishi ya pwani.

"Ugali hakuna, unga haujafika wiki hii," aliwaambia. "Kuna wali na sato wa nazi. Nao imebaki sahani moja."

"Lete hiyo hiyo," alisema Keraryo.

Sahani ikawekwa katikati yao. Hapo Jenoveva akasita. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na hajawahi kula na mumewe. Kwao wanaume walikulaga nje na wenzao, yeye na watoto jikoni. Sasa magoti yao yaligusana chini ya meza, na hakujua aangalie wapi.

"Kula, mama. Kitapoa," alisema Keraryo.

Wakaanza. Mchuzi ulikuwa mzito kama maziwa, mtamu, halafu pilipili ikawapanda puani. Keraryo alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Huyu samaki mmemtia sukari?"

"Nazi hiyo, mzee!" Clementi alicheka kutoka jikoni.

Jenoveva naye alitaka kucheka, ila uchovu ulimzidi. Kisha akaona kwamba pilipili imeshapita na machozi ya mumewe bado yanashuka. Siku ya maziko Keraryo alikaa upande wa wanaume; Jenoveva hakujua hata kama mumewe alilia.

Alichambua miiba, akamsogezea mnofu. Keraryo akamega nusu, akamrudishia. Wakala hivyo, polepole, mpaka sahani ikabaki na kichwa cha samaki tu.

"Kesho sirudi pale ofisini," Keraryo alisema mwishowe. "Nitapanda ua wa minyaa mwenyewe."

"Bila kibali? Wakikukamata je?"

"Watanikuta nimemaliza. Nimechoka kuomba, mama."

"Basi tutakwenda wote," alisema Jenoveva. "Mimi nitachimba mashimo."

Wakapanda basi la mchana kurudi Bunda. Jumamosi walitembea asubuhi nzima hadi kwenye lile shamba, wakachomeka vipande vya minyaa kuzunguka kaburi la Robi. Walirudi migongo ikiwauma.

Mvua zilipokaribia, trekta likaja. Dereva, mtu wasiyemjua, alilima mpaka kwenye minyaa, akakata kona, akaendelea na kazi yake.