Kuku wa Penseli

Kazini walimwita Rudia. Alikuwa mtahini wa madereva, na kwa miaka ishirini hakuna mwanafunzi aliyeshuka garini bila kutajiwa kasoro yake: kioo hukukitazama, breki umeikanyaga kwa pupa, rudia mwezi ujao. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa na jicho la kuona kosa tu, na kila jioni alirudi nalo nyumbani, akaketi nalo mezani.

Basi mkewe alipoteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia, na mama mkwe akaleta habari kwamba Jumapili mchana anakuja kumjulia hali, Rudia akajipiga kifua. "Wewe kaa utulie. Kuku wa kuoka nitampika mimi. Si kitabu kipo? Kazi ni kufuata maelekezo tu." Mkewe alimtazama, akasema haya, akaenda zake sebuleni na mkono wake wenye plasta.

Kitabu kilikuwa juu ya friji, ukurasa wa kuku umelowa mafuta hadi unaona maandishi ya nyuma yake. Pembeni mwa maelekezo mkewe alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogondogo, mistari mingi. Rudia akafurahi. Mjuzi ni huyu aliyemwoka kuku mara zote hizo, akasema moyoni, si mwenye kitabu. Akawa anatupa jicho kwenye penseli, anachukua agizo, anageukia kazi. Kitabu kilitaka siagi; penseli ilisema acha. Kitabu kilitaka kijiko kimoja cha chumvi. Penseli ilitaka viwili. Limau likaachwa, na saa moja na nusu ikawa saa mbili nzima. Akamsukuma kuku ndani ya oveni, akajifuta jasho, akavuta kigoda.

Hapo ndipo alipoisoma ile mistari yote, sasa bila haraka.

"Amesema mafuta yamezidi. Acha siagi."

"Amesema hana ladha. Chumvi viwili."

"Amesema limau ni la wagonjwa. Usitie."

"Amesema karibu na mfupa ni mbichi. Ongeza nusu saa."

Aliyesema hakuhitaji kutafutwa. Lile la limau la wagonjwa lilikuwa utani wa Rudia, tena aliucheka mwenyewe mbele ya wageni. Na chini kabisa: "Usimwulize tena." Rudia akakumbuka kwamba kweli, kuna wakati mkewe aliacha kuuliza chakula kikoje. Yeye alidhani mwanamke hatimaye amejua kupika.

Uso ulimwaka kwa aibu. Alitamani kumtoa kuku yule aanze upya, lakini hakuwa na kuku mwingine, na muda ulikuwa umekwenda. Kuku alipoiva, mama mkwe alikuwa mlangoni anapiga hodi, binti yao nyuma yake kabeba mfuko wa matunda.

Wakaketi. Kuku alikuwa mweusi mgongoni, mkavu kifuani, na chumvi haisemeki. Binti alitafuna kidogo, akavuta glasi ya maji. "Baba! Chumvi hii umepimia beleshi?"

Mama mkwe, mtu mstaarabu, alimeza tonge lake. "Mwache baba yako, ndiyo mara yake ya kwanza. Wa kulaumiwa ni huyu." Akamgeukia mgonjwa. "Siku zote unaniambia mumeo anavyosifia mapishi yako, mpaka anajilamba vidole. Leo umeshindwaje hata kumwelekeza, na wewe umekaa hapo tu?"

Mkewe alimwangalia kuku kwenye sinia. Rudia aliona wazi kwamba amemtambua: ndiye kuku wa penseli yake.

"Nisamehe, mama," mkewe alisema.

Maneno hayo yalimchoma Rudia. Angeweza kunyamaza; kumwachia mkewe lawama alikuwa na uzoefu nako. Lakini aliinuka, akakifuata kitabu jikoni, akasimama nacho mbele yao. "Mama, kosa si lake. Ni langu, tena la miaka mingi. Nisikilizeni." Akasoma mstari mmoja mmoja, amesema, amesema, hadi ule wa mwisho. Aibu ilimjaa, ila tusimfiche: alianza pia kujisikia mwepesi, na akangoja kidogo walau mmoja wao amwambie amefanya la kiume.

Alipoinua macho, hakuna aliyekuwa akimtazama yeye. Mama mkwe alikuwa ameweka uma chini na kumkazia macho mwanawe.

"Kumbe hayo ya kujilamba vidole ulikuwa unanitungia?"

Mkewe alikuwa ameinama, amejifunika uso kwa ule mkono mmoja mzima.

"Kifunge," alimwambia Rudia. "Mama alikuwa hajui. Miaka yote hiyo nilihangaika asijue."

Rudia alikifunga. Akatafuta mezani mahali pa kukiweka, asipaone.