Nyuzi Nilizomkazia Mwanamwema

Wanafunzi wa gitaa hunimaliza roho. Nimewafundisha miaka kumi na tisa hapa barazani kwangu, Ngamiani, na makosa yao nayajua kabla hawajakaa. Shaib hukandamiza nyuzi kama anayekamua tui, halafu ananionyesha vidole vyekundu nimwonee huruma. Yona alitaka wimbo mzima siku ya pili, na kila akikosea katikati anarudi mwanzo, basi mwanzo anaujua kama jina lake na mwisho hajawahi kuufika. Nawagombeza wote. Jirani yangu anasema mimi hufundisha kwa matusi, nami sijawahi kumbishia.

Mtu mmoja tu sikumgombeza, na huyo ndiye niliyemharibu.

Bi Mwanamwema alikuja Tanga kutoka Pemba baada ya kufiwa na mumewe, akakaa kwa dada yake Tuhfa, nyumba ya nne kutoka kwangu. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na gitaa la marehemu. Siku ya kwanza aliniambia wazi anachotaka. Kikundi cha taarabu cha akina mama wa mtaani kingechagua mpiga gitaa mpya baada ya Idi, naye alitaka nafasi ile.

"Miaka mitatu nipo hapa, fundi, na watu bado wananiita mgeni wa Tuhfa," alisema. "Mie nataka niitwe kwa jina langu."

Akawa anakuja Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri, tunakaa barazani mbele ya macho ya watu, kama heshima inavyotaka. Akiketi tu, nalichukua gitaa na kulityuni mwenyewe, nazikaza na kuzilegeza nyuzi mpaka zinakubaliana, halafu namrudishia. Naye hufungua kitambaa chenye visheti na kunimiminia chai ya mchaichai. Mimi ni mgane wa miaka minane. Sitaki kusema mengi, ila Jumanne na Alhamisi nilikuwa nanyoa ndevu.

Mara mbili aliomba nimfundishe kutyuni. Mara ya kwanza nilimwambia bado mapema. Mara ya pili alikuja na simu, mpwa wake kamwekea programu inayoonyesha kama uzi umepanda au umeshuka. Nikacheka.

"Simu haina sikio, Bi Mwanamwema. Mimi si nipo?"

Akaifuta pale pale, mbele yangu. Basi uzi ukimshuka asubuhi akiwa anajifunza nyumbani, huja mbio na gitaa mkononi, amekwama, nami namkwamua na kujiona bwana mkubwa. Nilijua ninachokifanya. Mwanafunzi anayejua kutyuni anaweza kupiga kwake siku nzima, na anayeweza kupiga kwake ana haja gani na baraza la mzee? Hayo niliyawaza kwa maneno hayo hayo, na Mungu aliyasikia.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwa Bi Mboni, kiongozi wa kikundi. Walikutana uani, na uani palikuwa na wanawake peke yao waliokwisha kuvua mabuibui, kwa hiyo mimi nilibaki barazani nje. Nilimtyunia mlangoni, nikamtakia heri, akaingia. Kumbe ndani wawili walitangulizwa, na gitaa lake likaegemezwa ukutani juani. Jua la Tanga la saa tisa si rafiki wa nyuzi. Alipogusa tu, nikajua kule kule nje kwamba uzi wa pili umeshuka na wa tatu umeufuata.

Akasita. Akaanza upya, akasita tena. Hapo ningenyamaza ingekuwa heri, lakini subira sikupewa.

"Wa pili huo!" nikapaza sauti ukutani. "Kaza wa pili!"

Uani wakacheka. Akakaza, akapitiliza. Nikamwambia alegeze, akalegeza uliokuwa mzima. Kila nilivyoelekeza mambo yalizidi kuharibika, mpaka uzi mmoja ukakatika. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Nilimsikia Bi Mboni akisema kwa upole, "Mwanamwema, mikono unayo, mwenzetu. Lakini harusini hatuwezi kwenda na Mzee Hatibu nyuma ya ukuta."

Nafasi walimpa Tausi, binti wa fundi cherehani, aliyeingia, kama nilivyosimuliwa baadaye, na gitaa la kuazima na kulityuni kwa simu aliyoiweka mapajani.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele kidogo, mimi nyuma. Karibu na kwao akapunguza mwendo.

"Nisamehe, fundi, nimekutia aibu," alisema. "Sikio langu ni bovu. Gitaa hili nitakuletea, umpe mwanafunzi mwengine. Mie limenishinda."

Ningeweza kumwambia pole na kuyaacha yapite. Angebaki mgeni wa Tuhfa, nami ningebaki fundi mwema aliyejitahidi. Nakiri kwamba wazo hilo lilinijia, na nilitembea nalo hatua kadhaa. Kisha nikaona haya kwa mambo mawili, lile nililolifanya na hili nililotaka kulifanya.

"Sikio lako zima," nikasema. "Mimi ndiye sikukufundisha. Uliniomba, nikakunyima makusudi."

Akasimama. "Makusudi ya nini?"

Nilitazama viatu vyangu. Nina miaka sitini na sita, nimepiga mbele ya mabwana wakubwa, na sikupata pa kuuweka uso wangu.

"Ungejua kutyuni, usingekuwa na haja ya kuja kwangu."

Mtu wa baiskeli alitupigia kengele, tukasogea, huyu upande huu na yule upande ule wa njia. Alipopita, Mwanamwema alikuwa ananiangalia usoni, na sikuona hasira. Ningalipenda hasira, hiyo naijua.

"Ningekuja tu, fundi," alisema.

Akaingia kwa dada yake, akafunga mlango.